Mihadhara na sanaa za bure za vyuo vikuu mtandaoni: sisi wa Kigoma na Tabora tunazifaidije bila kufilisika bando?

#1 Mwanga Sokoni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu asije akanilaumu.

Niko Kigoma mjini, pale Mwanga, kwenye steshenari. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Ukikaa kwenye kiti hiki unajua vizuri watu wanaingia mtandaoni kutafuta nini: matokeo ya mtihani, mkopo wa chuo, ratiba ya mpira, udaku wa wasanii. Silaumu, hata mimi udaku naupenda. Lakini hajatokea mteja aliyeniambia, "Dada, nitafutie muhadhara wa chuo kikuu nisikilize." Na ipo mingi, na haina malipo.

Naongelea mihadhara ya hadhara, siyo kozi. Profesa, mwandishi, mchoraji au mpiga muziki anasimama ukumbini, anaeleza kitu anachokijua kwa saa moja hivi, halafu watu wanauliza maswali. Yeyote anaruhusiwa kuingia, na siku hizi kamera ipo, kwa hiyo aliyeko Mwandiga anamwona msemaji sawa na aliyekaa kiti cha mbele. Hakuna anayekuuliza ulipata divisheni ngapi.

Msidhani ni mambo ya juzi. Paris kuna Collège de France, iliyoanzishwa mwaka 1530 na mfalme François wa Kwanza. Haisajili wanafunzi, haitoi shahada. Maprofesa wake wanafanya utafiti na kumfundisha yeyote atakayepita mlangoni. London kuna Gresham College, ipo tangu 1597 kwa wosia wa tajiri mmoja, Thomas Gresham, aliyeacha mali ya kuwalipa walimu saba: wa elimu ya nyota, dini, jiometri, sheria, muziki, tiba na ufasaha wa kusema. Royal Society, ile jumuiya kubwa ya wanasayansi wa Uingereza, ilianzia hapo hapo mwaka 1660, watu walipobaki kuzungumza baada ya muhadhara. Leo Gresham wanarusha mubashara, na baadaye wanaweka rekodi pamoja na maandishi ya yale yaliyosemwa.

Kwa upande wa sanaa, Harvard kule Marekani wana mihadhara ya Norton, ambayo tangu miaka ya 1920 inawaita washairi, wanamuziki na wachoraji wajieleze wenyewe. Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi, alizungumza 2014. Mwandishi Toni Morrison 2016. Mwaka 2021 korona ilipofunga kumbi, msanii Laurie Anderson aliitoa yote sita kwa Zoom, na ile skrini ya mikutano tuliyoizoea kwa vikao vya kuchosha akaifanya jukwaa lake. Korona ndiyo iliyosukuma vyuo vingi kuhamishia mambo yao ya hadhara mtandaoni, na vingi havikurudi nyuma moja kwa moja.

Hata kwetu lipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani nafasi ya uprofesa yenye jina lake, mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia, na mwaka 2009 mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka akaja kutoa mihadhara. Wengi wenu Ukumbi wa Nkrumah wa chuo hicho mnaujua hata kama hamjawahi kufika Mlimani: ndio uliokuwa mgongoni mwa noti ya 500 kabla haijageuka sarafu.

Namna ya kuipata siyo ngumu. Ingia kwenye tovuti ya chuo, tafuta ukurasa wa matukio ya umma. Mengine yanataka ujisajili kwa barua pepe wakutumie kiungo, mengine yanarushwa YouTube bila kuulizana.

Kinachowachanganya watu ni saa. Muhadhara wa London unaoanza saa kumi na mbili jioni kwao, sisi ni saa tatu usiku. Wakiwa kwenye majira yao ya joto inakuwa saa mbili. Huo unawezekana. Wa New York wa saa kumi na mbili jioni unaangukia saa nane usiku kwetu, au saa saba usiku wakati wa joto lao, na hapo asubuhi utafungua duka macho mekundu watu waulize umekesha wapi. Dawa ni kutafuta ile mihadhara yao ya saa ya chakula cha mchana: saa sita mchana ya New York ni saa moja au saa mbili usiku kwetu. Na kumbuka Wamarekani na Waingereza hawabadilishi saa zao siku moja. Wamarekani wanaanza Jumapili ya pili ya Machi, Waingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huo huo, kwa hiyo katikati hapo ratiba yako ya zamani haifai kitu.

Sasa msimamo wangu, ndio sababu ya uzi. Ukisikiliza peke yako na simu yako kitandani, utaacha. Usingizi, meseji, bando, lafudhi, vyote vinakupiga vita. Ila mkiwa watu saba au kumi mbele ya televisheni moja inakuwa baraza. Sisi tunakutana Alhamisi baada ya kufunga duka. Rekodi naipakua mapema, naiweka kwenye flashi, tunachomeka kwenye televisheni. Kila baada ya dakika kumi tunasimamisha, mmoja anaeleza kwa Kiswahili alichosikia, wengine wanambishia, tunaendelea. Muhadhara wa saa moja unatuchukua saa mbili na zaidi. Ndiyo raha yake.

Naomba wenye uzoefu waongezee, hasa wa Tabora. Na wenye kupinga karibuni.

#2 Dagaa Mchele

Mleta mada umeandika vizuri lakini "bure" hiyo naikataa. Bure kwa nani? Video ya saa moja inakula MB mamia. Bando nanunua mimi. Halafu Kiingereza chenyewe cha puani, profesa anazungumzia wafalme wa kizungu wa karne ya ngapi sijui. Mimi niko Kibirizi nauza dagaa. Nitoke na nini pale?

#3 Kijana wa Ipuli

Swali dogo kabla hamjaenda mbali. Ukihudhuria hiyo mihadhara wanatoa cheti? Naulizia ajira.

#4 Mwanga Sokoni

@Kijana wa Ipuli, hapana mdogo wangu. Muhadhara wa hadhara hauna cheti, na yeyote anayekuuzia cheti cha kuhudhuria anakuibia. Ukitaka kusoma somo zima mwanzo mwisho yapo mengine: MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, walitangaza mwaka 2001 kwamba wataweka vifaa vya masomo yao wazi kwa dunia nzima, maelezo ya darasani, mazoezi na mitihani. Hata hayo hayana cheti. Kama lengo ni ajira, nenda kituo cha Chuo Kikuu Huria hapo Tabora uulize kozi zinazotambulika. Hivi ni vitu viwili tofauti na vyote vina kazi yake.

Na niseme hili kwa herufi kubwa maana nimelishuhudia mjini: kuna mtu alikuwa anawatoza watu hela "ya usajili" kwa matukio ambayo fomu yake ni bure kabisa. Fomu inataka jina na barua pepe. Ikikuomba namba ya siri ya pesa za simu, funga.

@Dagaa Mchele, kaka, hoja yako ya bando ni ya kweli na siifuti. Lakini fanya hesabu. Sauti tupu ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima ni kama MB 29. Mihadhara mingi ina toleo la sauti, na profesa anayesimama nyuma ya meza hana cha kukuonyesha zaidi ya tai yake. Maandishi ndiyo mepesi kabisa. Na mkiwa kikundi anapakua mmoja, wengine wanapokea kwa flashi.

Hayo ya wafalme nitakujibu kesho, usiku huu nina kazi na nataka nikujibu vizuri.

#5 Fundi Redio Isevya

Tabora hapa, tuko pamoja.

Naongezea la kiufundi. Pakua usiku kama una bando la usiku, na upakue kweli, usitegemee kwamba kitu kitakuwepo ukirudi. Mfano upo: Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa na rekodi za darasani zaidi ya 20,000 wazi kwa kila mtu. Mwaka 2017 wakazifungia, zikabaki kwa watu wa chuo tu. Sababu haikuwa pesa za kuingilia. Wafanyakazi wawili wa Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kule Washington, walilalamika kwamba video nyingi hazina maandishi ya chini, kwa hiyo kiziwi hafaidi. Wizara ya Sheria ya Marekani ikawaunga mkono mwaka 2016. Chuo kikaona kuziwekea zote maandishi ni gharama, kikafunga mlango.

Wengi walipiga kelele kwamba viziwi wamewaharibia. Mimi siko upande huo. Sisi wa Tabora shule ya viziwi ipo hapa tangu 1963, ya kwanza nchini, nimekua nikiwaona vijana wale mitaani wanazungumza kwa mikono. Neno "hadhara" likitamkwa na wao wamo. Mwenye kustahili lawama ni aliyechagua kufungia badala ya kurekebisha.

Na maandishi ya chini yanatufaa sisi wenyewe tunaosikia. Washa maandishi, punguza mwendo hadi 0.75, utaona kile Kiingereza cha puani kinashuka puani.

#6 Mzee wa Ujiji

Wanangu, nimesoma nikatabasamu. Huyu binti wa Mwanga anadhani amegundua jambo jipya, na simvunji moyo, ila sisi tulilifanya kwa redio.

Mwalimu alitangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kila kikundi kina redio moja, kijitabu, na kiongozi aliyepewa mafunzo ya siku chache. Saa ya kipindi ikifika mnakaa chini ya mti, mnasikiliza, redio inazimwa, halafu kazi inaanza: mnajadiliana kipindi kimesema nini, na hapa kwetu tutafanya nini. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikuwa kwenye vikundi hivyo. Baada ya kuzungumza watu walichimba vyoo, walifyeka nyasi, walifukia madimbwi. Maneno yaliyotoka Dar es Salaam yaliishia kwenye jembe.

Kwa hiyo nakuunga mkono kuhusu kikundi. Lakini nakuuliza, binti yangu: kikundi chenu kinaishia wapi? Mkimaliza kubishana mnafanya nini? Maana baraza bila kazi tunalo tayari, liko pale kwenye bao.

#7 Mwanga Sokoni

Shikamoo mzee wangu. Umenikamata pazuri. Jibu langu linaungana na deni langu kwa Dagaa Mchele, kwa hiyo nawajibu pamoja.

Safari moja hatukutumia rekodi, tulisikiliza mubashara muhadhara kuhusu maziwa makubwa na mabadiliko ya hali ya hewa. Tuliuchagua kwa sababu ulitaja Tanganyika. Alichoeleza msemaji ni hiki, nakieleza kwa lugha yetu.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na ziwa Baikal la Urusi tu. Kule chini kumejaa virutubisho, yaani mbolea ya ziwa, lakini hakuna oksijeni, hakuna samaki anayeishi. Mbolea ikibaki chini haina faida kwa mtu. Kinachoipandisha ni upepo. Kusi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, inayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapanda kujaza nafasi. Mbolea inafika kwenye mwanga, mwani unaota, vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anakula dagaa, na sisi tunamla mgebuka.

Maji ya juu yakizidi joto yanakuwa mepesi zaidi kuliko ya chini. Yanaelea kama mawese juu ya mchuzi na upepo ule ule hauna nguvu tena ya kuyachanganya. Mwaka 2003 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, na kwamba uzalishaji wa mwani huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi, na samaki kwa karibu asilimia 30.

Dagaa Mchele, unaona nakupeleka wapi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mjadala mzima hapa mjini ulikuwa nyavu: nani anatumia nyavu ndogo, nani anapewa leseni. Hakuna niliyemsikia akitaja joto. Sisemi nyavu hazina kosa. Wanasayansi wenyewe bado wanavutana ni kiasi gani cha upungufu kinatokana na uvuvi na kiasi gani kinatokana na joto. Lakini mvuvi anayejua yote mawili anaingia kwenye mkutano wa kijiji na maswali tofauti na anayejua moja.

Katika kile kisanduku cha kumwandikia msemaji maswali tuliandika, kwa Kiingereza chetu hiki hiki: kama tatizo ni joto, kufunga ziwa kunasaidia nini? Msemaji alilisoma swali letu, akasema "swali kutoka Kigoma", watu hapa dukani wakapiga makofi kama goli limeingia. Jibu lake: joto huwezi kulishusha kwa sheria ya uvuvi, lakini samaki aliyekwisha kubanwa na joto anahimili uvuvi mdogo zaidi kuliko zamani, ndiyo maana mapumziko ya msimu wa kuzaliana yana uzito. Unaweza kulikubali au kulikataa. Wavuvi wawili waliokuwepo walilikataa palepale, na ubishi ukaendelea hadi saa tano.

Mzee wangu, kazi ya mkono hatujafika. Tulichofanya ni kuandika yale maelezo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikatoa kopi, mmoja akayapeleka kwa watu wa mwalo. Ni kidogo, naona.

#8 Mzee wa Ujiji

Marahaba. Ukurasa mmoja siyo kidogo. Niletee nakala yangu.

#9 Mama Salona Katubuka

Mbona sanaa mmeiacha njiani? Kichwa cha uzi kinasema mihadhara NA sanaa. Binti yangu anachora, kuta za nyumba zimekwisha. Kuna nini cha kwake huko?

#10 Mwanga Sokoni

Dada, kipo. Vyuo vikuu vingi vina makumbusho na nyumba za sanaa zao wenyewe. Makumbusho ya Ashmolean ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, yalifunguliwa 1683, na leo unaweza kuitazama mikusanyo yao mtandaoni, picha kwa picha. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, nao wana nyumba yao ya sanaa. Picha moja ina uzito mdogo kuliko dakika moja ya video, kwa hiyo kwa bando sanaa ya kuchora ndiyo rafiki mkubwa. Tafuta pia mazungumzo ya wasanii: mchoraji anakaa na kazi zake anaeleza kwa nini rangi hii na siyo ile. Vipo na vipindi vya kuchora pamoja kupitia Zoom, mwalimu anaweka kitu mezani kila mtu anachora kwake. Binti hahitaji Kiingereza kingi kwa hilo, anaangalia mkono.

Muziki na maigizo ndiko kwenye mtego. Muhadhara kwa kawaida unabaki mtandaoni, lakini tamasha la muziki mara nyingi linaonyeshwa mubashara au kwa siku chache tu kisha linaondolewa, kwa sababu ya haki za watunzi. Ukiona tangazo la tamasha usiseme utaangalia kesho. Na hilo usilipunguze hadi sauti tupu ya kilobiti 64, utaua ngoma.

#11 Dagaa Mchele

Hayo ya ziwa nimeyasoma mara mbili. Sikubaliani na yule msemaji wenu, mimi nyavu nimeziona kwa macho yangu, ila angalau amezungumza kitu ninachokijua. Mbona hukuanza na hilo badala ya François wa Kwanza?

Lugha lakini bado hujaijibu. Nyie mna mtu wa kutafsiri. Aliyeko Kalya au Kibondo ana nani?

#12 Asali Mbichi

Naomba nimjibu Dagaa Mchele kwa niaba. Mleta mada amewataja Gresham. Mihadhara yao ya mwanzo ilikuwa inasomwa kwa Kilatini, kisha inarudiwa kwa Kiingereza, maana Kilatini ilikuwa lugha ya wasomi na watu wa mji hawakuijua. Yaani London yenyewe ilihitaji tafsiri ili elimu ifike sokoni. Kwa hiyo kueleza upya kwa lugha ya watu siyo udhaifu wetu, ni sehemu ya kazi.

Halafu ninyi wa Kigoma mna hazina mnaisahau: Kifaransa. Wafanyabiashara wanaovuka kutoka Uvira na Bujumbura wanakimanya kuliko sisi tunavyomanya Kiingereza. Mwalikeni mmoja Alhamisi, mumfungulie Collège de France, awaeleze kwa Kiswahili.

Ila mimi nina dukuduku jingine kabisa. Kwa nini kila mfano hapa ni sisi kusikiliza? Nani atatusikiliza? Tabora hii ilikuwa na bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro, ilikuwa na Tabora Jazz, ilikuwa na Nyanyembe Jazz. Mji mmoja! Wapo wazee mitaani hapa waliocheza dansi zile, wanajua nani alipiga gitaa gani na ugomvi ulikuwa nini bendi zilipogawanyika. Wanaondoka mmoja mmoja. Chuo kipo hapa mjini, maktaba ya mkoa ipo, simu yenye kamera kila mtu anayo. Muhadhara wa hadhara wa saa moja, mzee mmoja na gitaa moja na mwalimu wa kumuuliza maswali, kwa Kiswahili, urushwe bure. Huko Marekani yupo mwanafunzi wa muziki wa Afrika ambaye angeamka saa nane usiku ya kwao kuuangalia. Safari hii macho mekundu yawe yake.

#13 Fundi Redio Isevya

Asali Mbichi umegusa. Vifaa siyo tatizo: simu moja nzuri, maikrofoni ya kubana shatini, stendi. Tatizo ni sauti ya ukumbi. Kumbi zetu zina mwangwi, bati juu, sakafu ya saruji. Tandikeni makapeti, ning'inizeni hata vitenge ukutani. Na msirushe mubashara kama mtandao ni wa kubahatisha. Rekodini kwanza, wekeni baadaye, hakuna atakayewashitaki. Maandishi ya chini naomba niyaandike mimi mwenyewe, kwa ajili ya wale vijana wa shule ya viziwi.

#14 Kijana wa Ipuli

Mimi babu yangu alikuwa mlinda mlango kwenye dansi za zamani, ana hadithi hizo balaa. Anaweza kuhesabika?

#15 Asali Mbichi

Mlinda mlango?? Huyo ndiye wa kwanza kabisa. Wanamuziki watasema walivyopiga, yeye atasema nani aliingia bila kulipa. Njoo inboksi tupange.

#16 Mwanga Sokoni

Uzi umezaa kuliko nilivyotarajia. Wa Tabora, mkirekodi nitupieni, sisi tutauonyesha hapa Mwanga.

Alhamisi hii tunabadili, tunakwenda Kibirizi badala ya dukani. Muhadhara wa ziwa tutaurudia kwa waliokosa, safari hii kwa maelezo ya Kiswahili tangu mwanzo. Televisheni nakuja nayo. Nakosa spika yenye nguvu, pale kuna kelele za injini.

#17 Dagaa Mchele

Spika ninayo. Lakini mkileta wafalme naizima.